Mjukuu wa Kiti cha Sheria ya Jinai

Utelezi, tapeli mwenye ulimi wa asali, alikuwa amejikinga mvua kwenye lango la chuo kikuu alipoliona tangazo. Chuo kiliadhimisha miaka sitini ya kiti cha uprofesa wa sheria ya jinai, wakfu wa marehemu mwenye kiwanda cha sabuni. Kodi ya maduka yake mawili ndiyo inayomlipa profesa mshahara hadi leo. Chini kabisa iliandikwa: ndugu wa marehemu, kama wapo, wajitokeze.

Utelezi alilisoma mara mbili, kisha akamlilia babu aliyempata dakika ileile.

Wiki iliyofuata alishuka kwenye chumba cha kumbukumbu, kafunga tai nyeusi, cheti cha kuzaliwa mkononi. Mtunza kumbukumbu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa akipangusa vumbi kwenye majalada.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mjukuu wa marehemu."

"Marahaba, mwanangu. Tumekungoja miaka sitini. Kaa."

Akamfungulia jalada. Mzee yule, mama akaeleza, aliwahi kuuziwa mto. Naam, mto mzima na maji yake, akapewa na hati. Watu walipomcheka hakulia. Alikipa chuo maduka yake kwa sharti kwamba ujanja wa wezi ufundishwe mpaka wezi waishe.

"Hawajaisha," Utelezi akasema kwa huzuni.

"Profesa wa kwanza aliibiwa kofia siku ya kwanza. Wa pili alilala mlango wazi miaka ishirini asipoteze hata kalamu, maana nusu ya wezi wa mji walikuwa wanafunzi wake. Wa sasa utamwona."

"Na mjukuu anapata nini?"

Mama akavua miwani. "Akithibitishwa mbele ya watu, maduka yanarudi kwake. Kiti kinakufa."

Utelezi akameza mate, kwa heshima zote za marehemu.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa wanafunzi pomoni. Utelezi alisimulia babu alivyompakata, mikono ikinukia sabuni, na safu ya mbele ikafuta machozi. Akaonyesha cheti. Akaonyesha barua ya marehemu. Akala kiapo.

Profesa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, akamshukuru, kisha akamgeukia mtunza kumbukumbu.

"Mama, babu yako alikuwa na wajukuu wangapi?"

"Mmoja tu, mimi hapa. Na hilo la maduka kurudi nililitunga palepale aliponiuliza."

Utelezi akatazama mlango. Waliokaa karibu nao walikuwa askari sita wanaosomea shahada.

"Keti, baba," profesa akamwambia kwa upole. "Kipindi kina dakika arobaini. Darasa, siku zote tunatumia mifano ya vitabuni. Leo tumeletewa mfano unaopumua. Makosa mangapi?"

Binti mmoja akasimama na daftari. "Sita. Kujifanya mtu mwingine, kuapa uongo, kughushi cheti, kughushi barua, kutumia nyaraka za uongo, na kujaribu kupata mali kwa udanganyifu."

"Vizuri sana. Sita."

Angenyamaza, huenda wakili mzuri angesema kwamba maskini wa Mungu naye aliuziwa hizo karatasi. Lakini Utelezi alikuwa na miaka ishirini kazini, na fundi kunyimwa sifa zake kunauma kuliko pingu.

"Saba," akasema. "Muhuri wa msajili nao niliuchonga mwenyewe, kwa soli ya kandambili. Siku mbili nzima."

Kalamu mia mbili zikaandika.