Pamba Juu ya Taa

Jumatatu, 8 Julai 2019
Hapa Muthara baridi imeingia mifupani. Mama mkwe wangu, Wambeti, anakuja Ijumaa kutoka Mbeere kwenye joto. Mwaka jana alilala kwetu usiku mmoja, akatetemeka, akahamia kwa Mukiri, aliyeoa dada ya mke wangu. Mukiri ana moto wa kuni sebuleni! Safari hii hapana. Nimegundua joto letu linatorokea juu. Siling'i ni bodi za jipsamu tupu, na zile taa zilizozamishwa ndani yake zimeitoboatoboa. Nitajaza pamba darini.

Jumanne, 9 Julai
Nimepasua magodoro makuukuu nitoe pamba. Wawira, mke wangu, ameuliza wageni watalalia nini. Nimemjibu: joto. Nimempigia Njuki, fundi aliyefunga taa. Amesema nisizifunike kabisa. Eti niache nafasi kuizunguka kila taa, nizuie pamba kwa kikopo cha bati, la sivyo zitachemka. Nafasi! Si hapo ndipo joto litapitia? Anataka kuniuzia mabati tu.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeshinda darini kwa magoti. Kila taa imevaa pamba hadi shingoni. Nilikanyaga pasipo na mbao, mguu ukatokea sebuleni. Wawira alipiga ukemi. Tundu nimeliziba kwa kalenda ya kanisa. Haionekani sana.

Ijumaa, 12 Julai
Mama amefika, ameletwa na Mukiri kwa pikapu. Nikawasha taa zote. Joto! Mama akavua shali! Mukiri akafungua vifungo vya koti. Raha iliyoje!
Kisha harufu, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Kisha moshi. Taa moja ikachomoka, ikaning'inia kwa waya juu ya chai ya mama.
"Baba Igoki," akaniambia taratibu, "hii nayo imekuja kunywa?"
Wawira akakimbia kuzima umeme. Mimi nikaiokoa chai. Mukiri ndiye aliyepanda darini, akatupa chini pamba inayofuka. Nyumba ilikuwa karibu kuteketea. Nilimshukuru. Iliniuma.

Jumamosi, 13 Julai
Njuki ameondoa pamba kando ya taa zote, ameweka vikopo vyake. Mama hakuondoka! Anakaa jikoni na Wawira karibu na moto, wanachambua maharagwe na kucheka. Amesema atakaa mwezi mzima, maana kwa Mukiri hakuna wa kumchekesha. Ushindi!

Jumapili, 14 Julai
Baada ya kanisa nimegusa friji kwa nyuma. Moto! Joto lote hilo linapotea bure ukutani. Kesho naifunga blanketi.