Vita Vikuu vya Umbali kati ya Viwanja Viwili vya Ndege

Kwiii! Ndivyo ilivyolia droo ya kabati gizani, umeme umekatika na simu imezima. Na kwa mlio huo, enyi mlioketi na mliosimama, vita vikaanza. Jongeeni msikie habari za mke kijana, shujaa wa jikoni na ghazi wa masomo ya jioni, siku aliyoipima anga.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa hewani, akitoka kiwanja kidogo cha kaskazini ya mbali kuja kiwanja kidogo cha kusini, alale nyumbani usiku mmoja tu, kisha arudi kazini kabla hakujapambazuka. Safari iliyopita alimkuta binti yake amelala, akamwacha amelala. Asubuhi mtoto alilia hata uji ukapoa. Na sheria ya nyumba, aliyoitunga mama mkwe, Jemedari wa Kochi, haikujua huruma: saa mbili, mtoto kitandani.

"Bibi, leo nimsubiri Baba," binti akaomba.

"Mke mwenzangu, macho yako ya kuku hayo. Mama yako akinithibitishia kwamba baba yako atafika kabla ya saa mbili, kaa. La sivyo, shuka inakungoja."

Shujaa akasimama wima. "Mama, ndege ile yaenda kilomita mia sita kwa saa, kaniambia mwanao mwenyewe. Imepaa saa kumi na mbili. Na kutoka kiwanjani hadi hapa ni nusu saa kwa teksi. Umbali nitaupata, hata kama umejificha mawinguni."

Akawasha mshumaa, akaikunjua atlasi yake ya masomo, na ule uzi alioupapasa drooni akautandaza toka kiwanja hadi kiwanja, kisha akaushusha kwa taadhima kwenye mstari wa vipimo.

"Mia sita. Saa moja unusu yuko mlangoni."

"Lete hapa," akanguruma Jemedari, akaukamata, akaukaza. "Elfu moja na mia mbili. Saa mbili unusu. Nchi imekua ukiwa jikoni?"

Wakapima tena. Nchi ikasinyaa, ikatanuka, ikasinyaa, miji ikakimbiana, bahari zikahama.

"Mama," binti akanong'ona, "hiyo ni lastiki ya sketi yangu."

Jemedari akacheka hadi mshumaa ukayumba. Lakini shujaa hakurudi nyuma: aliinama, akachomoa kamba ya kiatu chake mwenyewe, na kwa silaha hiyo isiyovutika akashambulia upya.

"Mia tisa, Mama. Saa moja na nusu hewani, nusu saa barabarani. Saa mbili kamili."

"Kamili si kabla, mwanangu."

Mdomo wa mtoto ukaanza kutetemeka. Bibi akautazama, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Ile nayo," akasema polepole, "tangu ianguke haijasema kweli. Mtoto akae."

Basi wajukuu wa wajukuu na wasimuliane jioni ile, mwanamke mwenye kiatu kisicho na kamba alipozipatanisha kaskazini na kusini! Saa mbili ikagonga, ikapita. Kope za mtoto zikashuka, akazipandisha kwa vidole.

Hodi ikabishwa, mlango ukafunguka.

"Baba, mimi bado niko macho."