Tarehe ya Kisigino Kilichoyazuia Maji

Tulieni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, wekeni chini vikombe vyenu na mzime redio, kwa maana leo hazitatajwa habari za wafalme waliobomoa ngome wala za majemadari waliovuka majangwa. Hao wanao wa kuwasifu. Leo lasimuliwa jambo zito kuliko hayo: tarehe, yaani historia, ya mzee mmoja, shujaa wa tai nyembamba, mwenye kitambi cha heshima na kisigino kisicho na mfano, na jinsi alivyosimama juu ya tundu.

Mzee huyo na mkewe walikuwa wamisionari, wa dini ile ambayo wafuasi wake watu wa nje huwaita Wamormoni. Wamisionari wengi ni vijana wenye magoti mazima. Hawa wawili walikwenda wakiwa wamestaafu. Waliwaachia watoto wao nyumba na funguo, wakawabusu wajukuu, wakaenda kutumika katika mji wa ugenini, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Kila asubuhi walibandika vifuani vibao vyeusi vya majina, kama askari wavaavyo deraya, wakateremka ngazi kwenda vitani: kufagia ukumbi wa ibada, kutembelea wagonjwa, kufundisha kwaya iliyokuwa imeapa kutofundishika.

Huko kwao Mzee alikuwa amefanya kazi idara ya maji, na kwa sababu hiyo waumini walimwona bingwa wa mabomba. Kwa kweli kazi yake ilikuwa kuandika barua za kuwakatia watu maji. Habari za mabomba alizijua kama azijuavyo mtu yeyote anayefungua bomba na kunawa.

Na katika muda wote wa utumishi wake alikuwa hajabatiza mtu hata mmoja. Hakulisema jambo hilo. Lakini mkewe alilisikia kila jioni, katika jinsi mumewe alivyovua viatu.

Ndipo akatokea fundi viatu, jitu la mabega mapana na sauti ndogo, mwenye kibanda cha mabati karibu na duka la dawa. Mzee alimpelekea kiatu kilichoachama, wakazungumza. Akapeleka cha pili, wakazungumza zaidi. Kisha viatu vibovu vikaisha, na siku moja mkewe akamkuta amechuchumaa ngazini, anasugua soli nzima kwenye saruji ili ipate kutoboka. Akamletea na kile kiatu kingine.

Hatimaye fundi akaomba kubatizwa, na akamtaka Mzee ambatize. Ila alikuwa na siri, akaitoa: utotoni alitumbukia mtoni, na tangu siku ile huoga kwa kopo, tena akiwa amefumba macho. Na katika dini yao hanyunyiziwi mtu matone. Huzamishwa mzima, asibaki nje hata ukucha. "Jumamosi hii moyo ninao," fundi akamwambia. "Ikiahirishwa, Mzee, usinitafute."

Basi ikafika Jumamosi, siku pekee ambayo mabomba ya mtaa ule yalitoa maji, tena hadi adhuhuri tu. Rais wa tawi, yaani kiongozi wa waumini wa pale, ambaye siku nyingine zote ni kinyozi, alifungulia bomba tangu alfajiri. Mzee na mkewe walimkuta ameinamia kisima cha ubatizo, kile chumba kidogo cha vigae chenye ngazi za kushukia majini. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu na hayakutaka kupanda zaidi, na kutoka pembeni ilisikika sauti kama ya mtu anayefyonza chai kwenye kisahani bila haya. Kizibo cha mpira cha tundu la kutolea maji kilikuwa kimeoza. Kinyozi alikishika mkononi, nacho kikavunjika kama biskuti.

Hapo vita vikaanza. Likatangulia dekio, mkongwe wa sakafu nyingi, tundu likalimeza. Likafuata sifongo la kuoshea vyombo, tundu likalimeza. Ukaja mfuko wa plastiki uliojazwa mchanga, ukapigana kiume, kinyozi akaanza kuusifu, na katikati ya sifa zake nao ukazama. Ndipo Mzee akavua kiatu na soksi, akapandisha mguu wa suruali, akaingia, akauweka pale kwenye tundu ule mguu wa kushoto.

Ile sauti ikakoma. Kinyozi alijaribu kumpokea, lakini kisigino chake kilikuwa chembamba kama wembe wa kazi yake, na maji yalipita kandokando. Kisigino cha Mzee ndicho kilichokaa barabara, kama kwamba fundi aliyechimba tundu lile alikuja kwanza kukipima.

Shujaa akainua uso, akanena: "Mama, nawe kiongozi wetu, shuhudieni. Limeanguka dekio, limeanguka sifongo, umeanguka na mfuko wa mchanga. Mimi sianguki. Jazeni kisima hiki, na mtu asiniondoe hapa mpaka kazi itimie."

"Sawa, Baba," mkewe akajibu. "Na nguo nyeupe utavaaje?"

Hilo shujaa hakuwa amelifikiria. Mbatizaji sharti avae nyeupe, na suruali haivuliki wala haivaliki na mtu asiyeweza kuinua mguu. Lakini mkewe aliwahi kushona magauni ya maharusi kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwona akishindwa na kitambaa. Alimwomba kinyozi wembe. Wanakwaya wawili wakatandaza kitambaa cha meza kama pazia, nyuso wamezigeuzia ukutani. Akafumua mshono wa suruali ya suti, ile moja tu aliyokuwa nayo mumewe, tangu chini hadi kiunoni, akaibandua. Akafumua na ile nyeupe, akamzungushia, akaishona juu ya mwili wake, akianzia chini na kupanda, sindano na maji vikikimbizana: vifundo, muundi, goti. Mara moja alimchoma pajani.

"Mama," Mzee akasema.

"Pole," akajibu, akaendelea kushona.

Waumini wakaja, wakaketi. Kinyozi akasimama kuhutubu, na mada aliyoiandaa ilikuwa subira. Maji yalimfika Mzee kiunoni. Yalikuwa baridi, na mguu wake kuanzia goti kushuka chini ulikuwa umejiuzulu. Hakujua tena kama kisigino bado kipo au alikuwa akiliziba tundu kwa imani peke yake. Mkewe alimkazia kinyozi macho hadi subira ikafupishwa.

Kisha akatokea fundi viatu, katika kanzu nyeupe iliyoungwa kutokana na mbili. Akashuka ngazi ya kwanza, akayaona maji, akasimama. Akaing'ang'ania reli ya ngazi kwa mikono yote miwili.

"Mzee," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Njoo unishike mkono."

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Akienda, maji yanakwenda. Asipokwenda, mtu wake anakwenda. Safari hii shujaa hakuhutubu.

"Siwezi kuja, mwanangu," akasema. "Kizibo kimeoza. Nimeziba tundu kwa mguu tangu asubuhi."

Fundi akamtazama. "Mguu upi?"

"Wa kushoto. Kisigino."

"Ndiyo," fundi akasema taratibu. "Hicho ni kipana. Kilinisumbua sana kwenye soli." Akacheka kidogo, kisha akacheka sana, hadi mabega yakatikisika na reli ikatikisika naye, na akiwa bado anacheka akateremka ngazi zilizobaki, akaufikia mkono wa Mzee, akaushika.

Mzee akainua mkono wa kuume, akayatamka maneno matakatifu, akamlaza. Mawimbi yakaruka nje, yakailowesha safu ya mbele. Fundi akaibuka akihema. Lakini mmoja wa mashahidi wawili waliowekwa kukagua, mwalimu wa hesabu asiyejua kusamehe, akatikisa kichwa: kidole gumba cha mguu kilikuwa kimechungulia nje. Irudiwe. Wakati huohuo wimbi likampepesua Mzee, kisigino kikateleza, tundu likanguruma kama simba aliyefunguliwa, na maji yakaanza kushuka. Kinyozi alikimbilia bomba. Bomba likakohoa, likatema tone moja, likanyamaza. Adhuhuri ilikuwa imefika.

Mzee alipapasa kwa mguu usiohisi kitu, hapa, pale, pembeni. Hakuliona tundu. Akamtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu mtoto wao wa kwanza alipozaliwa.

"Kwa nyuma kidogo, Baba," mkewe akasema kwa utulivu. "Kulia. Hapo."

Kikakaa. Lakini maji yalikuwa yamepungua, na mguu haukuwa na nguvu ya kukaza. Ndipo fundi, ambaye muda wote huo hakuwa amekimbia, akasema, "Acha nipige magoti, Mzee. Juu ya mguu wako. Hautatoka." Akapiga magoti, uzito wake wote juu ya unyayo wa shujaa, na kama ule mguu ulikuwa umekufa, sasa ulifufuka na kulalamika. Mzee alitamka maneno yale kwa machozi, na waumini wakadhani ni ya roho. Akamwinamisha. Maji yakamfunika utosi, mgongo, viwiko, vyote. Mwalimu wa hesabu akachungulia huku na huku, akashuka hadi ngazi ya chini kuhakikisha, akakubali kwa kichwa.

Kisigino kilikuwa kimenasa. Fundi alikivuta, kinyozi akamvuta fundi, kikatoka kwa mlio uliosikika hadi barabarani, na maji yale mateka yakaenda zake kwa ghadhabu.

Jioni ile, juu ya duka la magodoro, mkewe aliukanda mguu kwa maji ya moto. Kisiginoni palikuwa na alama ya duara, nyekundu, iliyotimia kama muhuri wa serikali. Mzee akataka ipigwe picha, itumwe kwa watoto wote. Binti yao akajibu mara moja: baba ameumwa na nini?

"Andika," Mzee akasema, akajiegemeza kwenye mto, sauti ikapanda. "Andika kwamba siku ya leo, maji yalipoasi na vizibo vya dunia viliposhindwa, baba yenu alisimama peke yake pasipo kutikisika..."

Akaendelea hivyo kitambo kirefu. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: "Hajaumwa. Leo amebatiza mtu."

Na hiyo, enyi wasikilizaji, ndiyo tarehe ya vita vile, kama ilivyohifadhiwa na mwenye simu.