Karate ya Kufungwa Macho

Jumanne, 11 Juni 2024

Nimeropoka. Kosa si langu, ni la ming'oko, hivi viazi vyetu vya porini. Mtu akikaa kijiweni anatafuna ming'oko ya moto, mdomo unachangamka wenyewe.

Alikuwapo Ladislaus, yule mwalimu wa karate aliyehamia hapa Newala kutoka Masasi. Ana mkanda mweusi, eti wa kweli, una na cheti. Tangu aje, wanafunzi wangu wa karate wanahamia kwake. Mujibu kahama. Yasmini kahama. Hata yule mvivu niliyekuwa namfukuza kila wiki, kahama! Nimebaki na Erasto na Pili. Basi Ladislaus akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, mimi nina mkanda gani. Nikamjibu mkanda ni wa kushikilia suruali. Watu wakacheka. Kicheko kikanipanda kichwani. Nikasema mimi napigana hata nikifungwa macho.

Ladislaus akasema vizuri sana, Jumatatu ni Iddi, watu watajaa uwanjani, tuone. Nikishindwa, darasa langu linakuwa lake, na mimi mwenyewe naanza kwake mkanda mweupe, mstari mmoja na watoto wa darasa la tatu. Nikasema sawa. Nani alinituma!

Darasa hili ndilo kitu pekee nilicho nacho. Nikilipoteza, mimi si Sensei Hamidu tena. Ni Hamidu tu, mdogo wake Mama Faridi, yule anayelala chumba cha uani.

Jumatano, 12 Juni

Mazoezi ya kwanza. Nimejifunga khanga ya dada Mwanasha, huyo Mama Faridi mwenyewe. Nikasimama uani, nikatega masikio kama bingwa. Nikasikia kuku. Nikasikia redio ya jirani. Nikahisi adui kushoto! Nikageuka, nikapiga teke, na lilikuwa teke zuri kuliko yote niliyowahi kupiga.

Halikumpata adui. Liliipata ndoo ya maji. Ndoo ikaiangusha na mwenzake.

Hapa Newala ukimwaga mchuzi utasamehewa. Lakini maji! Bomba limekauka, kisima cha maji ya mvua kimebaki tope, na hizo ndoo zilipanda kutoka bondeni kwa bodaboda. Dada akatoka jikoni na mwiko. Nilikuwa bado na khanga usoni, kwa hiyo pigo la kwanza sikuliona. Akasema yale yalikuwa maji ya kufulia nguo za shamba, sasa zitakaa na uchafu wake mpaka Mungu apende, na mimi kuanzia leo nioge kwa mate.

Bibi Mwanakombo, mama yake marehemu mama yetu, akamwambia dada amwache mume wake. Bibi huniita mume wake tangu nimezaliwa, ndio utani wetu. Kisha akasema mume mwenyewe hana faida, bora apewe talaka.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwagiza Erasto anishambulie kimyakimya. Erasto ni mtiifu mno. Amenipiga ngumi ya mdomo, halafu akasema samahani Sensei, halafu akanipiga nyingine, kwa kuwa sikusema tuache. Pili aliyaona yote. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama darasa la Ladislaus linapokea wasichana. Roho iliniuma.

Lakini jioni nimepata jibu! Lilikuwa ndani ya kapu la nguo chafu. Kile kitambaa anachojifunga dada usoni anapopulizia dawa ya salfa mikorosho yake kule Mkunya. Chepesi sana. Zamani cheupe, sasa cha manjano. Nimekikunja mara mbili, nikajifunga, nikajitazama kwenye kioo. Macho hayaonekani kabisa. Na kama nimeweza kujitazama, basi kazi imekwisha!

Kinanuka salfa. Sasa nani Newala hanuki salfa mwezi wa sita? Leo msikitini safu nzima ilikuwa inanuka.

Huu si udanganyifu. Ni mbinu.

Jumapili, 16 Juni

Jaribio la siri asubuhi, kwenye baridi. Erasto karusha ngumi, nimezikwepa zote. Pili kanirushia chungwa, nimelidaka. Akashika mdomo. Akasema Sensei, mimi siendi kokote. Kidogo nimwambie ukweli. Nikala chungwa.

Jumanne, 18 Juni

Naandika kwa jicho moja. Jingine limekataa kufunguka.

Jana uwanja ulijaa. Watu wameshiba pilau, wana furaha, wanataka kuona mtu anaumia. Ladislaus akanikagua, akaona nimefungwa vizuri. Erasto, mshambuliaji wangu wa siku hiyo, akaja. Nikakwepa. Akaja tena. Nikamkwida, nikamlaza chini. Uwanja mzima Sensei! Sensei! Pili anarukaruka. Nikaanza kuzunguka kwa maringo, nikafika mbele ya Mzee Swalehe aliyekaa kimya kwenye kiti chake. Nikampa shikamoo, Mzee Swalehe.

Ningefanyaje? Nimpite mzee kama mbuzi? Mama yangu alinilea! Mzee akaitikia marahaba, kisha akaganda. Watu wakapiga yowe, wengine wakasema nina majini. Ladislaus peke yake akakunja uso. Nilimwona vizuri kabisa.

Jua lilikuwa kali. Jasho likaanza. Likateremka kwenye paji la uso, likaingia kwenye kitambaa, likachukua salfa yote ya msimu mzima na kuniingia nayo machoni.

Wallahi sijawahi! Nilipiga kelele. Watu wakashangilia, wakadhani ndiyo karate yenyewe. Nikalia maji, maji, jamani maji! Wakashangilia zaidi. Sikuona tena kitu, giza na moto tu. Kumbe Ladislaus ameelewa, anakuja mbio na dumu la maji ninawe. Mimi nikahisi adui kushoto. Nikageuka, nikapiga teke.

Ladislaus huyo chini. Dumu nalo chini, likamwagika lote. Uwanja mzima ukasema aaah. Si kwa ajili ya Ladislaus. Kwa ajili ya maji.

Ndipo dada akafika, akaning'oa kitambaa, akakitambua. Akapaza sauti kwamba hiki ni kitambaa chake cha salfa, na kinapitisha mwanga kama chujio la chai. Akakiinua kila mtu aone. Nilipopata upenyo wa kufungua jicho, nilimwona Pili amekishika, ananitazama kupitia mle. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 20 Juni

Erasto na Pili wamehamia kwa Ladislaus. Uani kimya, kuku tu.

Ladislaus mwenyewe amekuja kunijulia hali, anachechemea, kabeba ndoo mbili za maji ninawe macho. Kampa Bibi shikamoo. Bibi akamuuliza kama ameoa. Kisha Ladislaus akaniambia lile teke la mwisho nililipiga bila kuona kitu, na lilikuwa safi, yeye mwenyewe hajapigwa hivyo tangu aanze karate. Niende Jumamosi, tulifanyie kazi taratibu. Pili naye katuma salamu, ameniwekea nafasi mstarini pembeni yake.

Machozi yalinitoka. Yalikuwa yanatoka tangu Jumatatu, lakini haya yalikuwa mengine.

Alipoondoka nikatafakari. Mtu aliyeangushwa anakuja na ndoo mbili na maneno matamu. Kwa nini? Ananiogopa! Na kosa langu lilikuwa moja tu: kitambaa hakikufuliwa.

Nimekifua. Ndoo moja ya kufulia, moja ya kusuuzia, maana salfa ni king'ang'anizi. Kiko kwenye kamba, cheupe pe. Nimeshatuma habari kijiweni kwamba Jumamosi nitapambana na Ladislaus mwenyewe, macho yamefungwa.

Sasa dada anauliza maji ya ugali yako wapi. Bibi anamwambia amuulize mume wake. Nasikia mwiko unatolewa kwenye sufuria. Nasikia kandambili, zinakuja upande wa kushoto. Na macho yangu yote mawili yamevimba upya kwa povu la salfa, naandika kwa kupapasa, sioni hata mlango!

Si nilisema mimi napigana hata nikifungwa macho?