Kesi ya Kichwa cha Dalmar

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeduwaa. Mwalimu katangaza kwamba Ijumaa tunafanya kesi ya kuigiza, na wakili atakayeshinda ndiye atakayeongoza timu ya koleji yetu kwenye mashindano ya London. Mimi namsimamia mdai, Iqra anamtetea mdaiwa. Iqra! Yule anayesoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya krispi.

Kesi yenyewe: mtoto kagongana kichwa na mwenzake kwenye mpira, kaona nyotanyota, kocha kamrudisha uwanjani. Ubongo ukatikisika. Sasa hawezi kusoma wala kuvumilia mwanga wa taa. Mtoto ataigizwa na Dalmar, ambaye ana urefu wa mlango. Kocha ni Précieuse, Mkongo wa mtaa wa Newtown, mpole hata kwa njiwa.

Mwalimu anasema ushahidi wote umo kwenye ripoti ya daktari. Nimeipima kwa mkono. Nzito. Nitaisoma baadaye.

Nimefika nyumbani, mtaa wa Hodge Hill, nikamwambia mama nimechaguliwa kuongoza timu. Nilimaanisha nitachaguliwa. Sijavua hata viatu, keshatuma kwenye grupu la familia, Unguja mpaka Muscat. Sasa lazima nishinde.

Jumanne, 18 Novemba

Mazoezi. Dalmar, kafungwa bendeji, kajikwaa kwenye mkoba wangu. Précieuse alikuwa mbali kule dirishani, lakini kasema pole. Iqra akauliza maana yake. Précieuse akamjibu kwamba ni kama sorry.

Kama sorry! Kocha akimwambia majeruhi sorry mbele ya hakimu, si kakiri kosa? Iqra hajui Kiswahili. Jopo litakaloamua ni wanafunzi wenzetu, nao hawajui. Hakimu ni Bi Kulwinder, wakili mstaafu, Mpanjabi wa mtaa wa Stechford. Kiswahili atakijulia wapi?

Ripoti ya daktari ya nini tena?

Jumatano, 19 Novemba

Nimefanya majaribio nyumbani. Nikajigonga makusudi na mlango wa kabati la jikoni, taratibu tu. Kabati halikuelewa taratibu. Mama alikuwa kanipa mgongo, anakaanga. Akasema pole bila kugeuka. Inafanya kazi hata bila kutazamwa!

Kisha akageuka. Akaona nundu kwenye paji la uso, akaniketisha, akaniuliza leo siku gani. Nikajibu Alhamisi. Akataka kuita ambulensi. Nimeshindwa kumshawishi kwamba siku huwa nazikosea hata nikiwa mzima. Kanikataza mpira, kasema mtu aliyegongwa kichwa hupumzishwa, harudishwi kwenda kuhangaika. Sijui kayatoa wapi.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo ndiyo kesi.

Précieuse alipanda kizimbani. Nikamkonyeza Dalmar; akashika kichwa, akaguna. Précieuse papo hapo akamwambia pole, tena pole sana. Nikaligeukia jopo. Nikalieleza kwamba hiyo ndiyo lugha niliyonyonya, kwamba neno hilo ni sorry, na kwamba kocha kakiri kosa kwa mdomo wake. Précieuse akataka kusema kitu. Nikamkumbusha kwamba shahidi hujibu anachoulizwa tu. Nilishajiona kwenye treni ya London.

Bi Kulwinder akavua miwani. Akanitazama. Akaongea Kiswahili. Kiswahili!

"Kijana, mimi nimezaliwa Kisumu. Naona uko na nundu hapo kwa kichwa. Pole sana. Sasa ni mimi nilikugonga?"

Miaka yote hiyo Stechford, kumbe mtu wa Kisumu!

Akalifasiria jopo. Walicheka mpaka Dalmar akasahau kuumwa. Nimeshindwa. Iqra ndiye atakayekwenda London.

Baadaye Bi Kulwinder kaniita pembeni. Kasema kesi ilikuwa yangu. Ningemuuliza tu kocha kwa nini alimrudisha mtoto, maana ripoti inasema wazi kwamba aliyegongwa kichwa hupumzishwa, harudishwi uwanjani. Nikashtuka upya. Maneno ya mama yale yale! Nani kampa mama ripoti yangu?

Jumamosi, 22 Novemba

Imebidi nimwambie mama. Hakunigombeza. Kakaa na simu mkononi, anaandika, anafuta, hajui awaambie nini watu wa Unguja. Imeniuma kuliko nundu. Nikatoka kwenda kupunga upepo.

Kituo cha basi, nani huyo? Iqra. Akasogea kwa aibu, akasema, kwa matamshi mabaya ajabu:

"Pole, Suhaib."

Nimepigwa na bumbuwazi. Kasema mwenyewe! Hakulazimishwa na mtu! Na mama mmoja mwenye kigari cha mtoto kasikia kila neno.

Amekiri.

Nimerudi nyumbani mbio. Nimemwambia mama asifute tena, awaandikie kwamba tumeshinda kwa rufaa.