Pedi za Vumbi la Mpingo

Apolinari alikuwa bado hajanywa chai alipolisikia lile gari. Krrrr! Likapunguza mwendo mbele ya genge la mboga, Gongo la Mboto. Krrrr! Likasimama. Wapo watu ambao masikio yao hupenda taarabu; ya Apolinari yalipenda chuma kinachosaga chuma, maana kila penye mlio huo pana mwenye gari mwenye hofu, na mwenye hofu hapatani bei.

Alishuka mama wa miaka sitini na kitu, miwani kifuani, kikapu mkononi. Aliitwa Genoveva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Mie sijambo. Mgonjwa ni gari lako. Ukikanyaga breki linasaga, ukiachia linanyamaza. Nasema uongo?"

"Husemi uongo hata kidogo," alisema Genoveva, akachagua nyanya.

"Sasa usilipeleke gereji, mama yangu. Kule utarudishiwa mifupa. Mie nakujaga mpaka nyumbani. Unakaa kwenye kiti chako, unaniangalia kwa macho yako mawili."

Tumtendee haki Apolinari: ufundi alikuwa nao. Alichokosa ni hamu ya kuutumia. Kwenye sanduku lake la vifaa alibeba pedi za breki zilizokwisha kabisa, alizozipaka gundi nzito na kuzimwagia vumbi la mpingo alilozoa kwa binamu yake, mchonga vinyago. Zikikauka huzipiga msasa, akazitia kwenye boksi jipya. Kwa macho, pedi mpya. Kwa mguu, ukikanyaga mara ya kwanza zinashika kidogo. Mara ya tano unabaki na vumbi na sala. Lakini ikifika mara hiyo ya tano, Apolinari huwa yuko Mbagala anakula chipsi.

Nyumba ya Genoveva ilikuwa Pugu, juu ya mteremko. Apolinari aliweka mawe nyuma ya matairi, akapiga jeki, akafungua tairi la mbele. Pedi zilikuwa zimekwisha kweli, kimebaki chuma kitupu. Ilimshangaza kidogo kuona amesema ukweli.

"Unaona, mama? Hapa ulikuwa unaendesha kwa rehema za Mungu."

"Naona. Diski je?"

"Diski imekwaruzika kidogo tu, bado inafaa. Na bahati yako, pedi orijino ninazo hapa hapa."

Genoveva alilipokea boksi. Akavaa miwani, akaigeuza pedi moja, akaisogeza puani, akanusa kwa muda mrefu kuliko mtu anavyonusa pedi. Kisha akamrudishia.

"Funga, baba. Mie nakuletea chai."

Chai ilikuja na mihogo. Apolinari alifunga pande zote mbili huku anapiga mluzi, akala, akajifuta mikono.

"Tayari, mama. Tumalizane, kuna mteja ananisubiri."

"Tutamalizana. Kwanza tujaribu." Genoveva akampa ufunguo. "Shika usukani. Desturi ni fundi kujaribu kazi yake. Tunashuka mteremko mpaka kule relini, halafu tunarudi."

Apolinari aliutazama mteremko. Asubuhi, alipokuwa anaupanda, haukuwa mrefu hivyo.

"Mama, leseni nimeiacha nyumbani."

"Njia ya mtaani hii, hakuna trafiki."

"Na jicho langu la kushoto huwa linatoa machozi."

"Tumia la kulia. Mie nakaa nyuma, karibu na mlango."

Apolinari aliogopa, tena sana. Aliwaza mguu wake unazama hadi chini, vumbi la mpingo linapeperuka, na reli inakuja. Katika maisha yake yote ya ujanja alikuwa hajawahi kutumia bidhaa yake mwenyewe.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nimekumbuka. Hizi pedi si saizi yake. Ngoja nikimbie dukani nikabadilishe."

Akainama kuchukua sanduku la vifaa. Genoveva alikuwa ameshalikalia.

"Nenda tu, baba. Sanduku litakuchosha."

Sanduku lile ndilo lililokuwa linamlisha. Apolinari akapanda bodaboda, akanunua pedi za kweli kwa hela yake mwenyewe, akarudi na risiti. Akafungua, akasafisha, akapaka grisi panapostahili, akakaza kila nati mara mbili. Hakuna gari Dar es Salaam nzima lililofungwa breki kwa uchaji kama lile. Alipiga pedali mpaka ikawa ngumu, akashuka mteremko na Genoveva nyuma. Chini, hatua ishirini kabla ya reli, alikanyaga. Gari likasimama kimya. Apolinari akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Kazi nzuri," alisema Genoveva. "Mie nimefundisha udereva miaka ishirini na miwili. Nilijua pedi zimekwisha tangu juzi. Kilichonishinda ni magoti, siwezi kuchuchumaa chini ya tairi."

"Na zile za kwanza? Ulijua?"

"Pedi ya breki hainuki kama kinyago, mwanangu. Nilitaka nione kama una moyo wa kuzijaribu. Ufundi wako nitakulipa, umeufanya vizuri. Pedi umeninunulia mwenyewe, nashukuru."

Apolinari akainua kichwa, akamtazama kwenye kioo. Huko nyuma, Genoveva alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Haloo, Lusungu? Lile gari lako bado linasaga? Basi usihangaike, jirani. Nimepata fundi mwaminifu, tena anajaribu mwenyewe. Na mwambie Rukaiya naye asipeleke lake gereji." Akamgusa fundi begani. "Geuza, baba. Sanduku lako nimelifungia stoo, usiwe na wasiwasi, tutalipitia. Kwa Lusungu ni kule juu zaidi, kwenye mteremko mkali kuliko huu."

Apolinari akaijaribu breki tena, akageuza gari.