Nilivyomchagua Cucu kwa Ushauri Wangu Mwenyewe

Leo nimevuliwa nguo mbele ya koo mbili. (Suti bado ninayo. Nasema ile nguo nyingine, ya heshima.)

Naandika nikiwa nimekalia debe nyuma ya zizi la ng'ombe, huku Tetu, nyumbani kwa kina Wangari, mchumba wangu. Ni saa kumi na moja jioni na nimechoka mpaka kope. Nawaandikia nyinyi wa kikundi hiki kwa sababu ndio mnaonijua kama fundi wa kunusurika katika ile nyongeza mpya ya gemu letu, na kwa sababu kosa lenyewe lilianzia humu humu. Msinikatize. Nikikatizwa nitalia.

Kwa walioingia jana: mimi ni Muriithi. Mchana nauza chakula cha ng'ombe na dawa ya kupe katika duka moja mjini Nyeri. Jioni nauawa. Tangu nyongeza itoke nimeuawa na mbwa, nimeuawa na uyoga, nimeuawa na mlango. (Kuna mlango mle ndani unaomeza watu. Mtaukuta.) Kila nikifa naandika somo ili nyinyi msife hivyo hivyo. Piga mara mbili, rudi nyuma. Usinywe chupa ya uhai ukiwa unatazamwa. Chumba kikiwa na mwanga mzuri, usiingie. Mmenishukuru sana, na wengine mmeanza kuniita profesa. Nami nikaanza kuitika.

Somo lililonipa jina ni lile la Malkia wa mwisho. Yule anajifunika shela, halafu anajigawa kuwa wanawake sita, na ukimgusa asiye yeye umekwisha. Nilihangaika naye wiki tatu. Nikagundua kwamba wa kweli hatikisiki. Wale watano wa bandia ndio wanaokohoa, wanaochezesha shela, wanaokuita kwa jina lako. Nikaandika, na mkalibandika juu ya kikundi wote walione: "Anayekuita, mkimbie. Aliyetulia ndiye."

Sasa sikilizeni. Siku ya kupeleka mahari, sisi watu wa mlimani tuna desturi. Msichana anafunikwa leso kutoka kichwani hadi chini, pamoja na wanawake wengine wa ukoo wake, wanaletwa mbele ya watu, na bwana harusi anatakiwa amtoe aliye wake. Ukikosea kuna faini na kuna kuchekwa. Faini unalipa mara moja.

Na Wangari alikuwa amenionya. Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu mjini na githeri ya mahindi na maharagwe ndani ya hotipoti. Nilikuwa katikati ya Malkia. Nikamwambia anipe dakika mbili. Nilipokufa nikageuka, nikakuta sahani imefunikwa vizuri mezani na mwenyewe hayupo. Sikuwa nimesikia hata mlango. Nilimpigia simu nikijua nitagombezwa, na hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema hivi:

"Siku hiyo watanifunika. Usiponijua mimi sitalia, Muriithi. Nitajua tu mahali niko kwa maisha yako."

Niliapa. Nikamwambia hata wakimfunika kwa gunia nitamtoa. Nikajisifu kwamba kama kuna mwanamume mmoja kaunti nzima aliyefanya mazoezi ya jambo hilo, ni mimi. (Nilisema hivyo kweli. Nimejaribu kusahau tangu saa saba.)

Leo tukafika saa nne. Lango limefungwa kama inavyotakiwa, wanawake wa ndani wanaimba kwamba hawatujui, wetu wa nje wanaimba kwamba tumetoka mbali sana. Tumetoka mjini. Ni nusu saa. Tuliimbiana juani mpaka viatu vikaniuma, kisha tukafunguliwa. Mama mkwe mwenyewe akaniletea uji kwenye kibuyu, watu wote wakiniangalia. Nikakataa. Sijui nini kilinipata. Mkono ulirudi nyuma wenyewe, kwa sababu miezi miwili nimejizoeza kutokunywa kitu nikitazamwa. Mama yangu alikipokea kile kibuyu haraka na kusema nina shida ya tumbo. Kwa hiyo kabla hata ya kuanza, ukoo wa mke wangu ulijua kwamba naharisha.

Wakaletwa wale wanawake. Sita! Nilipowahesabu nilikaribia kucheka kwa furaha. Sita kamili, leso mpaka chini, vichwa vimeinama. Kariuki, rafiki yangu aliyenisindikiza, ambaye pia yuko humu na amesoma masomo yangu yote, alinitazama kutoka kwenye hema akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeona mtihani uleule aliousoma jana. (Kariuki, mimi na wewe tutaongea.)

Wakakalishwa kwenye benchi. Sikujiuliza kwa nini wamekalishwa. Mtu mwenye akili angejiuliza nani hapo hawezi kusimama.

Nikaanza kazi. Nilizunguka benchi polepole nikisoma mwendo. Nikainama. Nikarudi nyuma hatua mbili. Mzee mmoja akauliza kama huyu kijana amekuja kuoa au kununua ndama. Sikumjali.

Wa tatu akakohoa.

Nikatabasamu moyoni. Bandia wa kwanza huyo. Nikaendelea. Nilipopita tena, wa tatu akakohoa tena, kikohozi kikavu, cha mtu asiye na kifua. Nikampita. Kisha kidole cha mguu kikatoka chini ya leso yake, kimepakwa rangi nyekundu, kikachezacheza mbele ya kiatu changu. Nikakiruka. Nikasikia sauti ndogo sana ndani ya kitambaa: "Muriithi."

Ndugu zangu, nilijivuna. Nilijiambia, ona hawa, hata kuita kwa jina wanajua.

Wa tano alikuwa ametulia. Namaanisha ametulia kabisa. Mwili mdogo kama wa Wangari, mabega yake, hakuna mkunjo hata mmoja wa leso uliosogea. Nikasimama mbele yake na moyo ukajaa. Nikasema, "Huyu."

Tata Nyambura, shangazi yake aliyekuwa akiongoza shughuli, aliniuliza kama niko na uhakika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya pili, na sasa naona alikuwa akinihurumia. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kwamba nimekufa mara nyingi sana nikijifunza jambo hili. Watu wakatazamana.

"Basi sema ni nani," akasema.

"Ni Wangari."

Nikafunua.

Na alikuwa Wangari. Alikuwa Wangari mwenyewe, wa kwanza, mama mzaa baba, yule ambaye wangu alipewa jina lake. Cucu, yaani nyanya yake. Kidevu kifuani, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo. Ndiyo maana alikuwa ametulia.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mtu alianguka kutoka kwenye kiti. Vigelegele vilipigwa na wanawake wa pande zote mbili, hata wetu, ambao nilikuwa nimewalipia nauli. Mama yangu hakucheka. Aliutazama mlima kwa muda mrefu kama anayeuliza njia ya kupanda.

Cucu akaamka. Akauliza kama chakula kimeiva. Wakamweleza kwa Kikuyu, sikioni, kwa sauti kubwa, kwamba amechaguliwa. Akanitazama kuanzia kiatu kwenda juu, bila haraka.

"Ni mwembamba," akasema. "Lakini sawa. Mimi sipikangi."

Wazee wakaanza kubishana kama nimekosea kweli, kwa maana niliulizwa jina na jina nililolitaja ni sahihi. Mjomba wangu, msemaji wetu, aliishika hoja hiyo kwa mikono miwili. Haikusaidia. Nikatozwa faini ya mbuzi, na nikapewa nafasi ya pili. Cucu akakataa kufunikwa tena. Alisema yeye tayari ana mwenyewe, yaani mimi, akaja akakaa kwenye kiti changu, na hapo ndipo alipokaa mpaka mwisho.

Wakafunika watano waliobaki na kuwabadilisha nafasi. Nikarudi mbele ya benchi, na sasa nitawaambia kitu kibaya kuliko Cucu.

Hakuna aliyekohoa.

Nilisubiri. Nilipita polepole, nikanyoosha masikio, nikatazama chini nikitafuta kile kidole chekundu. Hakuna kidole. Hakuna sauti. Watano wametulia kama nguzo za ua. Hapo ndipo akili ilinirudia yote kwa pamoja. Yule wa tatu alikuwa yeye. Alikohoa, nikampita. Alitoa mguu, nikauruka. Aliniita kwa jina langu mbele ya shangazi zake, akihatarisha kuonekana anavunja sheria ya mchezo, nikamwacha nikaenda kwa aliyelala. Na sasa ameacha kuita. Niliona aibu ya kweli, siyo ile ya kuchekwa. Nilitamani kukaa chini pale pale kwenye nyasi nisichague mtu.

Sikuwa na somo lolote lililobaki. Nikasimama tu nikiwaangalia, mmoja mmoja, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Wanne walikuwa wametazama mbele, wanawake waliotulia kwa ajili ya mchezo. Mmoja, wa mwisho kabisa, alikuwa amegeuza shingo kidogo kulia, mbali na mimi. Hiyo shingo naijua. Ndiyo aliyonipa nilipochelewa mazishi ya mjomba wake. Ndiyo aliyonipa nilipouliza kama chapati ni za dukani.

Nilimtambua kwa hasira yake, jamani. Nikamgusa bega nikafunua, na alikuwa yeye, macho makavu kabisa.

"Umefika," akasema, kama mtu anayempokea mgeni aliyekosa gari la kwanza.

Watu wakashangilia, shughuli ikaendelea, wazee wakaingia ndani kuongea ya kwao. Chakula kikaliwa. Sikula. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha watoto kwa sababu changu kilikuwa na Cucu, ambaye kila baada ya muda aliniagiza nimletee maji.

Baadaye Wangari akaniita huku nyuma ya zizi. Aliniuliza jambo moja tu, kwa nini nilimpita. Nilifikiria kudanganya. Ningesema jua, ningesema tumbo (tayari walishajua ninaharisha). Lakini nimechoka hata kudanganya. Nikatoa simu nikamwonyesha lile somo lililobandikwa juu ya kikundi, pamoja na shukrani zenu zote. Alisoma lote. Alisoma mpaka majibu.

"Kwa hivyo mtu akikuita unakimbia," akasema.

"Kwa gemu tu."

"Leo haikuwa gemu. Mimi nilikuita mara nne. Unajua vile mtu anajiskia akiita mtu yake mara nne na watu wanaskia?"

Tulisimama pale ng'ombe akitutafunia masikioni. Nikasema pole. Siyo ile pole ya kumaliza maneno. Ilinitoka vibaya, na ya pili ikakwama. Kisha Wangari akavuta debe kwa mguu, akaniambia nikae, nitoe lile somo, niweke lingine, na nieleze kilichotokea chote bila kuruka hata Cucu.

Basi nimeeleza. Lile somo la Malkia nimelifuta. Linalobaki ni hili, na maneno ni ya Wangari wangu: "Ukiskia unaitwa, itika kwanza. Ukufe baadaye."

Mnaotaka kucheka, nawaomba mchekee huko mliko na msiandike kitu hapa chini. Simu inachukuliwa nikishatuma hii. Majibu yenu atayasoma yeye, na bado hajaamua kama atanisamehe.